Uongo, uzushi, upotoshaji au udanganyifu: neno lipi ulitumie, na lini

Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anaandika muhtasari. Mweka hazina alisema kikaoni kwamba fedha zote ziko benki, na sasa imeonekana haziko zote. Katibu aandike nini? "Mweka hazina alisema uongo"? "Alitoa taarifa isiyo ya kweli"? "Aliwapotosha wajumbe"? "Alikidanganya kikundi"? Ukizisoma harakaharaka, sentensi hizi nne ni kama moja. Mbele ya mwenyekiti, mbele ya polisi na mbele ya watoto wa huyo mweka hazina, hazilingani hata kidogo.

Kiswahili kina maneno mengi ya jambo lisilo kweli, na wengi wetu tunayachukua kama yote ni mamoja: linalotangulia ulimini ndilo linaloandikwa. Naona hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Kila moja ya maneno haya ni tuhuma ya aina yake, na anayelitamka amejitwisha kazi ya kuithibitisha tuhuma hiyo. Kwa hiyo nimeyaweka sita hapa, moja baada ya jingine, kwa anayeandika barua, habari, ripoti au ujumbe wa kundi la ukoo na hajui ashike lipi.

Vigezo

Kila neno nimelipima kwa maswali manne. La kwanza, linagusa nini: kauli, kitendo au kitu? La pili, linadai kwamba mhusika alikusudia? Hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu kosa na hila huweza kutoa sentensi ileile, neno kwa neno. La tatu ni uzito wake nyumbani, gazetini na mahakamani. La nne, linamfaa nani.

Si kweli

*Linagusa nini.* Kauli peke yake. Aliyeisema hajaguswa: huenda alisikia vibaya, alisahau, au naye alidanganywa.

*Nia.* Halidai yoyote.

*Uzito.* Ni mwepesi, na wepesi huo una kazi yake. JamiiCheck, wanaohakiki taarifa nchini Tanzania, huweka alama ya "SI KWELI" kwenye madai waliyoyachunguza na kukuta hayana ukweli. Mhakiki anaweza kuthibitisha kwamba picha iliyosambazwa ilipigwa mwaka mwingine, katika nchi nyingine. Moyoni mwa aliyeisambaza hana njia ya kuingia, na "si kweli" haimtaki aingie.

Nyumbani neno hili lina ndugu zake wa adabu: "sivyo," "si sahihi," "nadhani umepitiwa." Mzee akikosea mwaka wa mafuriko au jina la chifu, mjukuu mwenye malezi husema, "Samahani babu, nadhani umepitiwa kidogo." Kauli imesahihishwa, na babu amebaki babu. Mjukuu huyohuyo akisema "babu, huo uongo" mbele ya wageni, hakuna atakayeukumbuka mwaka wa mafuriko tena.

*Linamfaa nani.* Mhakiki wa taarifa, msemaji wa ofisi anayekanusha jambo, mdogo anayemsahihisha mkubwa, na yeyote mwenye ushahidi wa jambo lenyewe lakini asiyekuwa na ushahidi wa nia. Upungufu wake huonekana pale nia inapojulikana. Mwandishi mwenye nakala ya ripoti inayoonyesha kiongozi aliarifiwa mapema, kisha kiongozi akasema hadharani hakuarifiwa, akiishia kuandika "kauli hiyo si kweli" amewanyima wasomaji nusu ya habari.

Uongo

*Linagusa nini.* Kauli iliyosemwa au kuandikwa.

*Nia.* Hapa inabidi kwenda polepole. Watu husema "huo ni uongo" wakimaanisha tu kwamba sivyo ilivyo, na neno linapita bila kumjeruhi mtu. Lakini likishaunganishwa na mhusika ("amesema uongo," "wewe mwongo"), dai la nia linaingia lenyewe, hata kama msemaji hakulikusudia. Aliyeitwa mwongo amesikia kwamba alijua kweli na akaificha.

*Uzito.* Mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Anayetoa ushahidi wa uongo mahakamani akijua ni uongo anaweza kufungwa hadi miaka 7, Tanzania na Kenya vilevile. Bungeni nako neno hili limewekewa utaratibu. Kanuni za Kudumu za Bunge la Tanzania, toleo la 2016, zilikuwa na kanuni ya 63 iliyokataza kusema uwongo bungeni, na mbunge aliyedai kwamba mwenzake amesema uwongo ndiye aliyebebeshwa wajibu wa kuthibitisha. Naona utaratibu huo ungefaa hata nje ya ukumbi wa Bunge.

Wakristo wamelizoea neno hili katika amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Misikitini utasikia pia "kukadhibisha," yaani kuikataa kweli na kuihesabu kuwa uongo, na mwongo mwenyewe huitwa kadhabu. Haya hayatoki nje ya mawaidha mara nyingi, lakini yanasaidia kueleza kwa nini "mwongo" humchoma msikilizaji kuliko "umekosea": neno linabeba dhambi, halibebi kosa tu.

Kuhusu tahajia, uongo na uwongo ni neno moja na yote mawili yanakubalika. Shika moja katika andiko lako na usiliachie katikati. Mombasa utasikia "urongo" na "mrongo," na hayo si makosa, ndiyo sura ya Kimvita. Mtu ni mwongo, wengi ni waongo. Kipindi cha miaka kumi nacho ni mwongo, lakini wingi wake ni miongo, na siku hizi wengi huandika "muongo" ili kutenganisha mambo. Mwongo huyu wa pili ni wa heshima: mabaharia wa pwani waliuhesabu mwaka kwa miongo ya siku kumikumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wao.

*Linamfaa nani.* Shahidi, wakili, mzazi anayemlea mtoto, na mwandishi anayeweza kuonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba kauli haikuwa kweli, na kwamba msemaji alilijua hilo siku aliyoitamka. Aliye na la kwanza tu arudi kwenye "si kweli."

Uzushi

*Linagusa nini.* Asili ya habari. Kuzua ni kuibua kitu pasipokuwa na kitu. Ukisema habari fulani ni uzushi, unasema haina hata mzizi mmoja wa kweli: hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, kuna mtu ameketi akaitunga.

*Nia.* Linadai nia ya mtungaji. Halidai nia ya msambazaji, na tofauti hiyo inafaa kuheshimiwa, kwa kuwa kwenye makundi ya simu mtungaji ni mmoja na wasambazaji ni mamia. Shangazi aliyetuma ujumbe kwa kuogopa si mzushi. Amesambaza uzushi, basi.

*Uzito.* Wa wastani katika mazungumzo, mkubwa kwa anayezuliwa. Magazeti yana msemo wake, "kuzushiwa kifo," na wasanii na wanasiasa wengi wamejikuta wakijitokeza hadharani kueleza kwamba bado wapo hai. Hapo ndipo ninapogombana na methali yetu, "lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Inatumika kama kibali cha kusambaza. Mtu aliyezushiwa kifo hana kitu kilichopo wala kinachokuja. Ana mama kijijini aliyepigiwa simu usiku.

Tena neno hili lina maisha mengine katika dini. Kwa Waislamu, uzushi katika dini ni bidaa, jambo lililoongezwa kwenye ibada bila msingi. Kanisani, mafundisho yaliyoacha imani iliyokubalika huitwa uzushi, na wenye kuyashika, wazushi. Kwa hiyo ukiandika "mhubiri huyo ni mzushi" ukimaanisha ametunga habari ya michango, waumini wanaweza kusoma kwamba umemtoa kwenye imani. Tumia "ametunga" au "si kweli" hapo.

Usilichanganye pia na kusingizia. Kumzulia mtu ni kutunga habari juu yake, ya namna yoyote ile. Kumsingizia ni kumbandika tendo ambalo hakulifanya, mara nyingi kosa lililotendwa na mwingine. Aliyeiba anaposema aliyeiba ni fulani, amemsingizia.

*Linamfaa nani.* Anayekanusha uvumi unaomhusu, mhariri wa habari za mitandaoni, na kiongozi wa mtaa anayetaka kutuliza watu bila kumtaja mtu.

Upotoshaji

*Linagusa nini.* Kweli iliyopindwa. Hii ndiyo sifa inayolitenga na uzushi: ndani ya upotoshaji kuna kitu halisi. Picha ni ya kweli lakini ni ya maandamano ya zamani. Takwimu ni ya kweli lakini imekatwa mwaka wake. Mtu alisema maneno hayo, ila sentensi iliyofuata, iliyoyageuza yote, imeachwa.

*Nia.* Inategemea umbo la neno. Taarifa potofu ni iliyokwenda upande, pengine kwa kutokujua. Taarifa potoshi, au ya kupotosha, inakusudia kumpeleka msomaji upande. Si wote wanaoitunza tofauti hii, lakini ukiwa unaandika kwa makini, itunze, kwa kuwa inakupa nafasi ya kusema kosa bila kusema hila. Upotovu peke yake ni jambo jingine, hilo tumezoea kulisikia kwenye "upotovu wa maadili."

*Uzito.* Ni neno la ofisini, halina ukali wa uongo, na ndiyo maana linapendwa mno na wasemaji wa taasisi. Hapa nina lalamiko. "Taarifa hiyo ni ya upotoshaji, ipuuzwe" imekuwa njia ya kukanusha bila kusema ni sehemu gani iliyopinda. Neno lenyewe linakubali kwamba kuna kweli ndani yake. Basi anayelitumia ana deni la kuionyesha hiyo kweli ikiwa imenyooka. Takwimu sahihi ni ipi? Sentensi iliyoachwa ni ipi? Asipoyajibu hayo, msomaji ana haki ya kuendelea kuuliza.

Mbele ya sheria si neno jepesi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, katika kifungu cha 16, ilizitaja pamoja taarifa za uongo, za udanganyifu, za kupotosha na zisizo sahihi, na adhabu yake ikawekwa kuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini kifungu hichohicho kinataka mchapishaji awe alijua, na awe na kusudi baya kama kukashifu, kutisha au kuupotosha umma. Nia tena. Tunaikimbia katika mazungumzo, lakini mahakama hairuhusiwi kuiruka.

*Linamfaa nani.* Mchambuzi wa habari, mtafiti, mwalimu wa uraia, na afisa habari aliye tayari kuweka maelezo kamili kando ya kanusho lake.

Udanganyifu, pamoja na ulaghai na utapeli

*Linagusa nini.* Kitendo, na matokeo yake kwa aliyetendewa. Unaweza kudanganya bila kufungua mdomo. Mtahiniwa anayeingia na karatasi iliyofichwa kwenye soksi hajasema uongo wowote, lakini Baraza la Mitihani la Tanzania litamfutia matokeo kwa udanganyifu, na litakuwa limelitumia neno sawasawa.

*Nia.* Linaidai waziwazi. Hakuna udanganyifu wa bahati mbaya.

*Uzito.* Kitenzi na nomino haviko sawa hapa. "Usinidanganye bwana!" kati ya marafiki ni nusu ya kicheko, na "danganya toto" tunaisema kila siku juu ya ahadi zisizo na kitu. Lakini andika "udanganyifu" kwenye barua yenye muhuri na umemshitaki mtu. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni jinai: Tanzania adhabu yake hufika kifungo cha miaka 7, Kenya miaka 3.

Jambo moja la kisheria lingewaokoa wengi na safari za bure kituo cha polisi. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya inaueleza udanganyifu wa namna hii kuwa ni kuonyesha, kwa maneno, maandishi au mwenendo, jambo lililopita au lililopo ambalo si kweli, huku mhusika akijua si kweli au akiwa haamini kuwa ni kweli. Lililopita au lililopo. Aliyekopa akaahidi kulipa mwezi ujao kisha akashindwa, amevunja ahadi, na deni ni halali kudaiwa, lakini ahadi peke yake haimfanyi mdanganyifu. Aliyekopa akisema ana shamba la kuweka dhamana wakati hana shamba, huyo ni habari nyingine. Mweka hazina wetu naye aliposema "fedha ziko benki" alizungumzia lililopo. Ikithibitika kwamba alijua hazipo, kauli yake ni uongo. Ikithibitika kwamba aliisema ili azidi kuzitumia, au ili wajumbe waongeze michango, hapo "udanganyifu" limefika mahali pake.

Ulaghai na utapeli ni watoto wa nyumba hii. Ulaghai una ulimi mtamu: mlaghai hukubembeleza hadi utoe mwenyewe. Utapeli ni ulaghai uliogeuzwa kuwa biashara, na mfano wake Watanzania wanaujua kwa moyo, ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Vyombo vya habari vya Kenya huelekea zaidi kwenye "walaghai," vya Tanzania kwenye "matapeli." Msomaji wa pande zote mbili atakuelewa.

*Linamfaa nani.* Aliyepoteza kitu: fedha, nafasi, kura, haki. Kama hakuna aliyepoteza wala aliyenuiwa kupoteza, huenda unatafuta neno jingine.

Kughushi, bandia na feki

*Linagusa nini.* Kitu, hasa hati: cheti, sahihi, muhuri, stakabadhi.

*Nia.* Kughushi kunaidai. Kisheria ni kutengeneza hati isiyo ya kweli kwa kusudi la kulaghai au kudanganya. Bandia haidai. Meno bandia na mguu bandia havimdanganyi mtu, vinamsaidia mwenye navyo. Noti bandia ni jinai. Neno ni lilelile, kilichobadilika ni kitu chenyewe na matumizi yake. Feki ni la mtaani na la vichwa vya habari, na linakaa karibu na bandia, ila siku zote lina harufu ya hila.

*Uzito.* Mkubwa sana, na Tanzania ililijua hilo mwaka 2017. Tarehe 28 Aprili, huko Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Mitaani yote ikawa "vyeti feki." Lakini ripoti yenyewe ilitenga makundi: walioghushi kundi lao, vyeti vyenye utata kundi lao, ambapo cheti kimoja kilitumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na wenye vyeti pungufu kundi lao. Katika kundi la utata anaweza kuwemo mwenye cheti halali ambaye mtu mwingine alitumia jina lake. Kumwita huyo "mwenye cheti feki" ni kumwadhibu aliyeibiwa.

Tena aliyekutwa na hati ya kughushi si lazima awe ndiye aliyeighushi. Kutengeneza ni kosa moja, kuitumia ukijua ilivyo ni kosa jingine.

*Linamfaa nani.* Afisa utumishi, mkaguzi, karani wa benki, mnunuzi wa kiwanja. Kwa maneno ya mdomo halifai. Hakuna anayeghushi hadithi.

Yanayokaa pembeni

Chuku na kutia chumvi ni kukuza jambo lililopo. Katika ushairi chuku ni pambo kabisa, na mshairi haitwi mwongo kwa kusema machozi yake yalijaza mto. Kamba, fiksi na "chai" ni za vijana wa Tanzania, zote zikimaanisha hadithi ya kutunga, na zinafaa mahali panapocheka. Batili ni kitu kisicho na nguvu kisheria au kidini. Mkataba batili unaweza kuwa na kila neno la kweli ndani yake.

Kwa hali yako

Unaandika muhtasari wa kikao: andika kauli, kisha andika kilichobainika. "Mweka hazina alieleza kuwa fedha zote ziko benki. Taarifa ya benki ya tarehe fulani ilionyesha upungufu wa kiasi fulani." Neno la kuhukumu waachie wajumbe wenye mamlaka.

Unasahihisha ujumbe kwenye kundi la ukoo: "si kweli" ukiambatanisha ushahidi, na kama ni habari ya kutungwa kabisa, "huu ni uzushi." Usimtaje aliyeutuma. Akiwa mkubwa wako, mfuate pembeni.

Unaandika kichwa cha habari: "si kweli" kama una ushahidi wa jambo tu, "alidanganya" au "uongo" kama una ushahidi kwamba alijua, na huo ushahidi uwe kwenye aya za mwanzo, usiwe mkiani.

Unajibu kwa niaba ya taasisi: "upotoshaji" pale tu unapoweza kuweka maelezo yaliyonyooka chini yake. Kama habari haina hata chembe ya kweli, iite uzushi.

Unapeleka malalamiko polisi: anza na ulichopoteza, kisha alichokuambia au alichokuonyesha mhusika, kwa maneno yake na tarehe zake. Kama alitumia hati, taja hati hiyo ina kasoro gani. Afisa ataona mwenyewe kama ni udanganyifu, kughushi, au deni la kawaida la kudaiwa mahakamani.

Na ukiitwa mwongo wewe, omba itajwe kauli ipi, uliyoisema lini, na ulijuaje wakati huo kwamba sivyo. Anayeweza kujibu yote matatu, msikilize. Anayeweza kujibu la kwanza tu, mwombe abadilishe neno.